Jenga: Mchezo Wenye Jina la Kwetu



Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuandikia kutuuliza maswali mawili. La kwanza: ni mchezo gani ambao mtoto wa miaka sita, kijana wa sekondari na bibi wa miaka sabini waweza kuketi mezani pamoja wakaucheza, asiwepo mwenye kuonewa wala mwenye kuchoka? La pili: ameona dukani sanduku la vipande vya mbao, maelezo yake yote yameandikwa kwa Kiingereza, lakini jina lake ni neno la Kiswahili, Jenga. Je, mchezo huo ni wetu au ni wa wageni, na wafaa kuingizwa katika nyumba ya Waislamu?

Maswali haya mawili yaelekea jibu moja, nasi tumefurahi kuulizwa, kwa kuwa mchezo huo tunao nyumbani kwetu kwa muda wa miaka mitatu sasa, na umetufunza jambo ambalo hatukulipata chuoni wala shuleni. Jambo hilo tutalieleza mwishoni, ingawa ndani yake mna aibu yetu wenyewe. Kwanza natuueleze mchezo.

ASILI YAKE

Aliyeubuni ni mwanamke wa Kiingereza aitwaye Leslie Scott. Alizaliwa Tanganyika mwaka 1955, na utoto wake ulipita katika nchi hizi za Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili kilikuwa masikioni mwake tangu udogoni. Baadaye watu wa nyumba yao walihamia Ghana, katika Afrika ya Magharibi. Huko, katika miaka ya mwanzo ya 1970, walizoea kucheza kwa vipande vya mbao vilivyopatikana katika kiwanda cha kupasulia magogo mjini Takoradi: wakivipanga, wakivichomoa, wakivipandisha juu. Ulikuwa mchezo wa nyumbani tu. Aliporejea Uingereza alikwenda nao, akaucheza na rafiki zake, akaona kila aliyeuonja hutaka kuurudia. Ndipo alipoamua kuutengeneza kwa kuuza, na mwezi wa Januari mwaka 1983 akauonyesha katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London.

Mchezo ukihitaji jina, yeye alilitafuta katika lugha ya utoto wake, akachagua neno moja: jenga. Kwa mnunuzi wa London neno hilo halikuwa na maana yoyote, na wapo waliomtaka alibadilishe, yeye akalishikilia. Baadaye makampuni ya Kanada na ya Marekani yakauchukua mchezo, ukaenea duniani, na mwaka 2020 ukatiwa katika jumba la heshima la vitu vya kuchezea lililoko Rochester, jimbo la New York. Hivi leo mtoto wa Japani au wa Brazil hulitamka neno letu hili pasi na kujua kwamba anatoa amri.

Basi, mama yetu, jibu la asili ya mchezo ni hili: mbunifu wake ni Mwingereza aliyezaliwa kwetu, mbao zake za kwanza zilitoka Ghana, na jina lake ni mali ya kila asemaye Kiswahili. Mwenye kutaka kugombea urithi huo na agombee. Sisi twaona yatosha kuwa mtoto wetu ataushika mchezo huu akiwa ameshalielewa jina lake, jambo ambalo watoto wengi wa ulimwengu hawakulipata.

Wala katika michezo ya mkono sisi hatukuwa wageni. Nani katika sisi hakuwaona watoto wakicheza mdako? Kijiwe hurushwa juu, na kabla hakijaanguka mkono huzoa vijiwe katika kishimo na kurudi upesi kukidaka. Na mezani tunayo keram, ambayo kidole hupiga kete zikaingia mashimoni pembeni. Hiyo yote ni michezo ya wepesi wa mkono. Tofauti ya Jenga ni hii, kwamba wepesi wake ni wa kwenda taratibu.

NAMNA UCHEZWAVYO

Vipande ni 54, vyote vya sura moja. Urefu wa kila kimoja ni mara tatu ya upana wake. Ndiyo maana vitatu vikilazwa ubavu kwa ubavu hufanya mraba kamili. Kwa kipimo cha kawaida urefu ni sentimita 7½, upana 2½, na unene 1½. Vitatu hulazwa chini vikawa safu ya kwanza. Vitatu vingine hulazwa juu yake kwa kukingama. Na vitatu tena hukingama juu ya hivyo, mpaka zitimie safu 18. Hapo mnara huwa na kimo cha sentimita 27, yaani shubiri moja na vidole vichache.

Kisha watu huchukua zamu. Mwenye zamu hutumia mkono mmoja tu kwa wakati mmoja. Huchomoa kipande kimoja katika safu yoyote iliyo chini ya ile ya juu kabisa iliyokamilika, akakilaza kileleni kwa utaratibu uleule wa vitatu vitatu. Ana ruhusa ya kuvigusa vipande kwa kidole ili ajue kipi kimelegea. Na akikisogeza kipande kisha akaghairi, yampasa akirudishe kilivyokuwa. Akisha kukiweka kileleni hungojwa kwa kadiri ya kuhesabu kumi, ndipo zamu yake ihesabiwe kuwa imekwisha. Ila mwenzake akianza kabla ya hapo, basi imekwisha papo hapo. Mnara ukianguka mchezo umekwisha: aliyeuangusha ndiye aliyeshindwa, na mshindi ni yule aliyecheza salama kabla yake.

Ni hayo tu. Hapana dadu, hapana karata, hapana kuandika hesabu. Asiyejua kusoma hufahamu yote kwa kutazama mchezo mmoja, na mchezo mmoja aghalabu haufiki nusu saa.

SIRI YA MNARA

Atakayeucheza mara mbili tatu atajiuliza: ikiwa vipande vyote ni sawa, mbona kimoja hutoka kwa kuguswa tu, na jirani yake amekaza kama msumari? Siri ni kwamba havikuwa sawasawa hasa. Vyatofautiana kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni, na mnara wa juu hulala juu ya vile vilivyo vinene kidogo. Vilivyo vyembamba hubaki vimekaa bure bila mzigo. Hivyo ndivyo vitokavyo. Mwenye kutaka kucheza vizuri havuti kwanza. Huuliza kwa ncha ya kidole.

Siri ya pili ni kwamba mzigo huhama. Kila kipande kitolewapo na kila kipande kiwekwapo juu, mnara huegemea upande mwingine kwa kadiri ndogo, na kilichokuwa kimekaza hulegea, na kilicholegea hukaza. Watoto hukosea sana hapa. Husema, "Hiki nilikijaribu, hakitoki," au "Hiki ni chepesi, nilikigusa zamani," kisha wakavuta bila kuuliza tena. Katika mnara huu habari ya zamu iliyopita ni habari ya zamani, na anayeitegemea huangusha.

Siri ya tatu waashi waijua kwa timazi lao. Safu yenye vipande vitatu yaweza kutoa cha katikati, vya pembeni viwili vikashika. Au ikatoa vya pembeni vyote viwili, cha katikati kikashika peke yake. Lakini ikitolewa cha katikati pamoja na cha ubavu mmoja, safu hubaki na mguu mmoja wa pembeni, na mnara huenda chini. Mnara waweza kuinama nao usianguke, maadamu katikati ya uzito wake ingali juu ya kitako chake. Ikitoka nje ya kitako hicho kwa kadiri ya unywele, hakuna mkono utakaouzuia.

Sasa litazameni ajabu la jina lake. Twaambiwa jenga, wala hatupewi hata kipande kimoja kipya cha kujengea. Kila tuongezacho juu tumekiondoa chini. Mnara hurefuka, watu hufurahi kwa kuona kimo chake, na kumbe kwa kila shangwe msingi umepungua. Wasomaji wetu walishike neno hili, kwani tutalirudia.

FAIDA ZAKE KWA MTOTO

Sisi tumefundisha watoto kuandika alifu na be kwa zaidi ya miaka thelathini, na twajua kwamba kazi ngumu kwa mkono mdogo si nguvu, bali ni kujizuia. Mtoto hushika kalamu kana kwamba itamkimbia, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto huyohuyo mbele ya mnara huu hujifunza bila kuambiwa: akishika kwa nguvu, mnara hutikisika mbele ya macho yake, akilegeza vidole, kipande humjia. Hujifunza kusukuma kidogo kwa nyuma kisha kuvuta kwa mbele. Hujifunza kushusha pumzi kabla ya kutenda. Hakuna mwalimu aliyemkemea. Mnara wenyewe umemfundisha.

Tena umri hapa hauna cheo. Mwenye vidole vyembamba aweza kumshinda baba yake, na bibi mwenye subira aweza kuwashinda wote. Mkono wetu sisi umeanza kutetemeka kidogo, na watoto wamejua. Hutuacha tuanze sisi, mnara ungali imara. Hawakutuambia, wala sisi hatukuwauliza. Adabu ya namna hiyo hatukuwafundisha kwa maneno.

Na wale wanaojifunza hesabu wana fungu lao. Tatu mara 18 ni ngapi? Mnara ukifika safu 25 na ya juu imekamilika, ni vipande vingapi vilivyotoka chini? Ni safu saba za juu, yaani 21. Vimebaki vingapi katika safu 18 za mwanzo? Ni 33. Mtoto afanyaye hesabu hiyo kwa macho hataisahau, tena huingiwa na hofu nzuri akiona jinsi chini palivyobaki wazi.

ADABU ZAKE NYUMBANI

Katika halali na haramu sisi si mufti, na mwenye shaka na awaulize wenye elimu. Twasema tu yale yanayojulikana kwa kila mtu, kwamba mchezo huu hauna dadu, na kushinda kwake ni kwa fikira na utulivu wa mkono. Lakini mchezo msafi waweza kuchafuliwa na wachezaji. Vijana wakisema, "Atakayeangusha atanunua soda za wote," hiyo ni kamari hata kama ni soda, na katika nyumba yetu hairuhusiwi.

Adhana ikilia, mnara huachwa, uwe umesimama au umelala. Mwanzoni watoto walinung'unika. Sasa wameona kuwa ni raha kurudi na kuukuta ungali unawangoja. Mara moja tulirudi tukakuta paka ameshacheza zamu yetu, tukacheka na kuanza upya.

Kadhalika mchezaji hashtuliwi, meza haitikiswi, wala mnara haupulizwi. Aliyeangusha hasimangwi. Mnara uwekwe juu ya meza isiyoyumba, na mguu wa meza ukiwa mfupi utiwe karatasi iliyokunjwa. Jamvini haufai, ila juu ya ubao ulio sawa. Na mtoto atambaaye asikae chini yake, kwani mbao 54 zikianguka huumiza vidole.

Wala si lazima kununua la dukani. Seremala wa mtaani aweza kuvikata katika mabaki ya mbao ngumu, kavu, akavipiga randa na msasa, pasipo kuvipaka rangi wala vanishi, kwa kuwa huvifanya vishikane. Tulimpa kazi hiyo fundi mmoja kwa ajili ya watoto wa chuo chetu, naye aliona haya kwa kuwa vipande havikulingana kabisa. Tukamwambia: fundi, hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Jambo moja tulilojifunza hapa Tanga ni kwamba katika masika mbao hunywa unyevu zikavimba, mnara ukawa mgumu. Katika kiangazi hulegea. Hata mchezo wajua majira.

MKONO WA MWISHO

Sasa twaja kwenye lile tuliloahidi.

Sanduku hili lililetwa nyumbani kwetu na mpwa wetu kutoka Dar es Salaam, zawadi ya Idd. Sisi tulilitazama juu juu, tukasema ni mambo ya kupoteza wakati, tukaliweka juu ya kabati. Likakaa huko mpaka masika. Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika. Simu zao zikazimika moja baada ya moja, nasi tukiwa chumbani tukasikia nyumba imekuwa kimya. Kimya cha watoto si jambo la kawaida. Tukatwaa taa tukatoka, tukidhani limevunjika jambo. Tukawakuta wameuzunguka mnara kwa mwanga wa kandili, wamezuia pumzi, na kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka saba, amenyoosha mkono. Akashika kipande, akakivuta, mnara ukayumba, ukaanguka wote.

Ndugu zake wakampigia kelele: "Wewe! Wewe ndiye uliyeuangusha!" Mtoto akaanza kulia. Ndipo dada yake wa miaka kumi na mitatu alipowageukia, akasema: "Mbona mwamwonea? Vya chini tumevitoa sote. Yeye ameukuta mnara umeshachoka." Kisha akatutazama sisi. "Si kweli, Baba?"

Hatukuweza kumjibu. Na sababu ya kushindwa ni hii.

Siku zile kifungua mimba wetu hakuwapo nyumbani. Miezi mitano nyuma alikuwa ameiazima baiskeli yetu kwa rafiki yake bila ya ruhusa, nayo ikapotea. Tulimuuliza mbele ya majirani, naye akatujibu kwa sauti ya juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sisi tukamwambia neno zito, kwamba nyumba ambayo mkubwa hasikizwi ndani yake si nyumba yake. Usiku ule alifunga nguo zake akaenda Pangani kwa mjomba wake. Na kila aliyetuuliza tulimjibu neno moja: baiskeli. Kijana amepoteza baiskeli, kijana amekosa adabu, kijana ameibomoa nyumba.

Usiku huo wa mvua, watoto walipolala, tulibaki mezani na vipande vile vilivyotawanyika. Tukajiuliza: cha kwanza alikitoa nani? Tukakumbuka alipotuambia anataka kujifunza ufundi wa umeme, nasi tukakataa kabla hajamaliza kusema. Tukakumbuka miaka tuliyokuwa tukimtajia kila jioni mtoto wa jirani na masomo yake. Tukakumbuka wadogo zake walipomcheka kwa kufeli mtihani, nasi tukatabasamu pamoja nao. Kila kimoja katika hivyo kilikuwa kidogo. Tulikitoa, mnara ukasimama. Na kwa kuwa ulisimama tukadhani haukudhurika. Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Mnara huu wa mbao huonyesha wazi kwamba kusimama si dalili ya uzima. Wasimama leo kwa kipande kimoja kilichobaki, na kesho ndiyo zamu yake.

Hatusemi kijana hakukosa. Naye alikuwa na vyake alivyovitoa: kuchelewa usiku, kujibu kwa mkato, na kuchukua kisicho chake bila idhini. Twasema tu kwamba lawama yote tuliipa mkono wa mwisho, nasi tulikuwa tumecheza zamu nyingi kabla yake.

Asubuhi tulimweleza mama wa watoto wetu hayo yote. Alikuwa anachambua mchele; hakuinua uso. Akasema: "Hayo usiniambie mimi, Mwalimu. Pangani si mbali."

Ijumaa, baada ya sala, tulipanda gari tukaenda. Tulimkuta uani kwa mjomba wake, akatuamkia akatuwekea kiti. Tukamwambia: "Mwanangu, kwa baiskeli ulikosa, na hilo halikufutika. Lakini nyumba haikuangushwa na baiskeli." Kisha tukamtajia yale matatu ya kwetu, moja moja, kwa majina yake. Hatujapata kufanya kazi ngumu kama ile. Alinyamaza kitambo, akatubusu mkono, akasema, "Nimesikia, Baba." Siku ile hakurudi nasi. Baada ya wiki mbili alikuja pamoja na mjomba wake, na sanduku lake la nguo. Yapo mambo baina yetu ambayo hata leo tungali tukiyajenga. Lakini anakula sinia moja nasi, na ufundi wa umeme anajifunza.

Tumeyaandika haya hadharani kwa idhini yake, na kwa kuwa twajua hatuko peke yetu. Katika kila mtaa mna mzazi asemaye, "Ni siku ile ya simu," au "Ni siku ile alipojibu," au "Ni yale mambo ya harusi." Siku ile ni kipande cha mwisho tu. Mwenye kutaka kujua kwa nini nyumba ilianguka na ahesabu zamu zote, na aanze kwa zile alizocheza yeye.

Mchezo una haki kumshinda mwenye mkono wa mwisho, kwani mchezo wahitaji mwisho. Lakini nyumba si mchezo, na baina yao mna tofauti moja iliyo kubwa. Sheria ya Jenga haimpi mchezaji nafasi ya kuziba pengo la chini. Kila kilichotoka hukwenda juu, na pengo hubaki pengo mpaka siku ya kuanguka. Nyumbani hakuna sheria hiyo. Nyumbani mtu aweza kukirudisha alichokitoa, hata baada ya miaka: kwa kumsikiliza aliyemnyamazisha, kwa kuacha kumlinganisha, kwa kusema "hapo nilikosa mimi." Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ungali ufa, na uzibwe.

Kuna mahali ambapo aliyeangusha huachiwa kazi ya kuvipanga vipande 54 peke yake, kama adhabu. Katika nyumba yetu tumeligeuza hilo. Mnara ukianguka, sote hunyoosha mikono tukaupanga pamoja, na aliyeangusha ndiye apewaye heshima ya kulaza kipande cha kwanza. Twawausia wasomaji wetu wafanye hivyo. Haizidi dakika tano, na mtoto hulala akiwa amejua kwamba kuanguka kuna jambo linalofuata baada yake.

Basi, mama yetu uliyetuandikia, jibu letu ni ndiyo. Liingize sanduku hilo nyumbani, au umwendee seremala wako. Mketishe bibi mahali penye mwanga, umtangulize mdogo, ufunge simu zote kabatini kwa nusu saa, tena zako uzitangulize. Na mnara utakapoanguka, kabla hujauliza ni nani, utazame vizuri ni vipande gani vimeshikwa na mkono wako.

Na ukitaka kujua ni nani bingwa wa nyumba yetu, ni yule aliyekuja kutoka Pangani. Ana mkono mtulivu kuliko sote. Hutafuta kwa kidole taratibu, akiuliza kila kipande, wala havuti mpaka ajue kinabeba nini.

Wassalaam.